Jinsi ya kujenga ukuta wa majina ya marehemu wenu: anzeni na daftari, simenti baadae

Toka tumalize ukuta wetu wa majina ya marehemu hapa mwaloni, yaani pale mitumbwi inapofikia, simu haziishi. Mara kijiji cha ng'ambo, mara jamaa waliopoteza watu kwenye ajali ya basi, juzi tena watu waliosoma shule moja wanataka kuwakumbuka wenzao, na maswali ni yale yale, tunaanzia wapi, tunaandika nani na nani, fundi tumtoe wapi. Naandika yote hapa kwa mpigo ili ukimaliza kusoma ujue kesho asubuhi unaanza na nini.

Sisi ni watu wa Ziwa Victoria upande wa Mwanza, marehemu wetu wengi walichukuliwa na maji, kwa hiyo mifano yangu mingi itakuwa ya mtumbwi na dagaa. Wewe wa barabarani au wa machimboni hatua ni hizi hizi, utabadilisha vitu vidogo tu.

Ila kabla ya yote nikwambie kitu kimoja. Kazi yenyewe ni majina. Ukuta fundi anaujenga wiki moja, majina yalituchukua miezi saba. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imeshakaribia kabisa kufika Mwanza, orodha ya abiria ilikuwepo ya daraja la kwanza na la pili, daraja la tatu haikuwepo. Yaani mtu alikosa hela ya tiketi ya juu basi hata kwenye karatasi hayupo, na ndo maana mpaka leo idadi ya waliokufa kila mtu anataja yake. Sasa nyie mkiharakisha mtafanya hivyo hivyo, wenye ndugu wakubwa wataandikwa, kibarua aliyekuja peke yake na begi moja atasahaulika. Mi hiyo ndo inaniuma kuliko nyufa za ukuta.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa mchanga

- Kaunta buku mbili kubwa, moja ya kutembea nayo na moja ya kunakili safi jioni. Usitegemee simu peke yake, simu inaibiwa au inadumbukia majini.
- Kamati ya watu 5 mpaka 7, wanawake wasipungue wawili, na awepo mtu wa msikiti na mtu wa kanisa. Mzee mmoja mwenye kumbukumbu ni mali kuliko vijana watatu wenye mwandiko mzuri.
- Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji au mtaa uliokubali jambo hili, umesainiwa na mwenyekiti na mtendaji, umegongwa mhuri. Huku ziwani washirikisheni BMU (kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo) mapema maana wao ndo wanawajua wavuvi.
- Akaunti au namba ya kikundi ambayo hela haitoki mpaka watu watatu wakubali. Hela ya marehemu ikipotea kijiji hakitawasahau maisha.
- Kiwanja kilichoandikwa. Nakuja hapo hatua ya 2.

Na kama nauli ipo, nendeni mkaone za wenzenu kwanza. Pale Igoma, Mwanza, kuna makaburi na mnara wa MV Bukoba. Bwisya kisiwani Ukara ndo walizikwa baadhi ya waliokufa na MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha abiria 101 kilichokuwa kimebeba zaidi ya hapo, wakafa watu zaidi ya 200. Simameni pale mjiulize, mimi ningekuwa ndugu wa mtu huyu ningetaka kuona nini hapa. Sisi tulirudi tumebadilisha nusu ya mipango yetu.

Hatua zenyewe

1. Kubalianeni mnamkumbuka nani

Pangeni mpaka, yaani nani anaingia na nani haingii, na muuandike. Ni ajali moja? Ni wote waliofia ziwani kutoka mwalo huu toka mwaka fulani? Sisi tuliandika hivi: kila aliyefia majini akiwa ametoka au anakuja kwenye mwalo huu, awe mwenyeji au mgeni, toka 1990. Neno "mgeni" tulilipigania sana mkutanoni, kuna wazee walitaka wazaliwa tu.

Angalizo: msiandike "wavuvi" huko juu halafu mkaja kugundua kuna akina mama wa dagaa waliokuwa wanavuka na mizigo yao, na mtoto mgongoni. Andikeni "wapendwa wetu" au "watu wetu", wote wanaenea hapo.

2. Tafuteni kiwanja kisicho na kesi

Sisi tulianza vibaya, msingi wa kwanza tuliuweka pale pale mchangani mitumbwi inapopaki, pazuri kweli, ziwa lote unaliona. Hatukuuliza. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, bahari au mto, maafisa wakatupiga X nyekundu ya kubomoa na msingi ukavunjwa, na ukweli walikuwa sahihi, kosa letu. Na hata kama wasingekuja wao basi maji yangekuja, mwaka 2020 ziwa lilipanda vibaya sana mialo mingi ikafunikwa, pale tulipotaka kujenga samaki walipita.

Kwa hiyo pima mita 60 kwa kamba, ongeza kidogo. Wa barabarani, ulizeni hifadhi ya barabara inaishia wapi kabla ya kuchimba. Eneo la shule, zahanati au ofisi ya kijiji ni zuri sababu watu wanapita kila siku na kuna mtu wa kulinda. Ndani ya uzio wa kanisa au msikiti mi siwashauri kama marehemu ni wa dini zote, kuna ndugu hataingia hata mumwombe.

3. Kusanyeni majina

Hapa ndo kaeni muda mrefu. Chagueni wakati watu wapo nchi kavu. Huku kwetu wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani siku za giza, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inalala, basi zile siku za mbalamwezi ndo tulikuwa tunazunguka kambi kwa kambi, mtu anashona nyavu huku anakwambia habari za mwenzake.

Kwa kila marehemu andika: majina matatu, jina la mtaani, mwaka wa kuzaliwa kama unajulikana, siku au hata msimu aliofariki, chombo alichokuwemo, alikotoka, mwili ulipatikana au haukupatikana, na nani kaleta habari hizi pamoja na namba yake. Hiyo ya mwisho watu wanairuka, halafu mwezi wa nne mnabishana nani alisema na hakuna wa kumuuliza.

Namna ya kuingia kwa mfiwa: usitoe daftari mlangoni. Kaa kwanza. "Mama shikamoo, pole na siku nyingi, tumekuja kwa ajili ya kijana wako, tunataka jina lake likae pale kijijini, tumekuja kukuomba ruhusa na utuambie wewe mwenyewe aitweje." Halafu nyamaza. Wengine watalia, wengine wataongea masaa mawili, kuna mama alituletea shati la mwanae lililokuwa kabatini toka 2003. Siku hiyo mkiandika jina moja inatosha, rudini nyumbani.

Nendeni pia kwa matajiri wa mitumbwi, wengi wana madaftari ya zamani ya mahesabu ya vibarua, hata kama kaandika "Mha mrefu" ni pa kuanzia. Padri au katekista ana vitabu vya mazishi, shehe wa msikiti anakumbuka aliowaswalia. Polisi na zahanati nako ulizeni, ila pelekeni barua ya mtendaji, msiende mikono mitupu.

Angalizo: msiokote majina kutoka kwenye grupu la WhatsApp na kuyanakili tu. Tulifanya hivyo mwanzoni, majina manne kumbe ni mtu mmoja, na mmoja alikuwa hai, anafanya kazi Geita. Mama yake alitusamehe ila sitasahau alivyonitazama.

4. Wasiojulikana majina kamili nao waandikwe

Kibarua aliyekuja kutoka mkoa mwingine, kambini wanamjua kwa jina la utani tu, ndugu zake hawajulikani. Andika jina hilo hilo la utani, kama ni la heshima, na mwaka. Mtoto mchanga aliyekuwa hajapewa jina andika "Mtoto wa" fulani. Ambaye hata utani haujulikani ila mnajua alikuwepo, mpeni mstari wake, "Ndugu yetu, 1998". Mstari mmoja mtu mmoja, msiwarundike "na wengine 6".

Mnajua ile sanamu ya Askari pale Posta, Dar? Ilisimamishwa 1927. Maandishi yake yanawataja na wapagazi wa vita kuu ya kwanza, yanawaita mikono na miguu ya jeshi, maneno matamu, lakini majina yao hayapo. Walikufa makumi kwa maelfu, Kariakoo yenyewe jina linatokana na kikosi chao, Carrier Corps, watu wanauza na kununua pale kila siku, wapagazi wenyewe wengi majina yao hayajulikani. Ndo maana nasisitiza mstari mmoja mtu mmoja. Na msichelewe, kwa sababu wanaojua majina nao wanaondoka. Kule Kigali kwenye makumbusho ya Gisozi wamezikwa watu zaidi ya 250,000 na majina yaliyo ukutani bado ni machache mno ukilinganisha, kuna familia zilimalizwa zote hakubaki wa kumtaja mwenzake.

5. Bandikeni orodha hadharani mwezi mzima

Printi kwa herufi kubwa, funikeni na nailoni, bandikeni sokoni, mwaloni, msikitini, kanisani, kwenye ofisi ya kijiji. Kalamu iningʼinie kwa kamba pembeni. Wiki nne zisipungue ili zipite Ijumaa na Jumapili za kutosha. Na isomwe kwa sauti mkutanoni, wapo wasiojua kusoma na wana haki ya kusikia.

Makosa mengi yatakayokuja ni ya tahajia. Magreth, Magret, Margareth, Magreti, zote zipo na kila nyumba ina yake. Msijifanye walimu wa lugha, andikeni kama mama yake au watoto wake wanavyoandika. Ndugu akisharidhika anaweka sahihi au dole gumba mbele ya jina kwenye kaunta buku. Bila hiyo sahihi jina haliendi kwa fundi.

6. Pangeni mfuatano

Mnaweza kupanga kwa alfabeti, rahisi kutafuta. Mi nawashauri mpange kwa tarehe ya kufariki, kwa sababu mbili. Kwanza waliokufa kwenye chombo kimoja wanakaa jirani. Ukuta wa Marekani pale Washington wa wanajeshi wao waliokufa Vietnam, uliofunguliwa 1982, una majina zaidi ya 58,000 na umepangwa hivyo hivyo kwa tarehe, walioanguka pamoja wanasomwa pamoja. Pili, mkifuata alfabeti akifariki mwingine mwenye jina la A mtamchomeka wapi? Kwa tarehe anaingia mwishoni, basi.

Vyeo ondoeni. Hakuna Mheshimiwa, hakuna Mzee wala Injinia, na "marehemu" msirudie kila mstari maana inajulikana. Herufi za wote saizi moja, tajiri na kibarua wake.

7. Chagueni kitu cha kuandikia

Fleksi, yale mabango ya plastiki ya kuprinti, sahauni, jua linaila miezi michache tu. Rangi kwa brashi juu ya plasta inapendeza mwaka wa kwanza, halafu inaanza kumomonyoka, na kuona jina la mtu linabanduka kidogo kidogo ni kama anakufa upya. Shaba na aluminiamu zinadumu ila huku kwetu zitang'olewa usiku ziuzwe chuma chakavu.

Sisi tulichukua vipande vya graniti nyeusi vya sentimita 60 kwa 60, majina yamechongwa kwa mashine na kupakwa rangi nyeupe ndani ya mchongo. Mafundi wanaotengeneza makaburi mjini wanazo hizo mashine. Uzuri wa vipande ni huu, mkikosea jina mnabadilisha kipande kimoja, jiwe moja kubwa mkikosea mmeumia.

Hesabu: herufi za sentimita 2, mstari hadi mstari sentimita 4, ukiacha sentimita 3 juu na 3 chini unapata majina 13 kwa kipande, na mwaka pembeni ya kila jina. Tulikuwa na majina 80, hiyo ni vipande 7, tukanunua 10. Vitatu vitupu viko ukutani vinasubiri. Kuna mzee alisema tunaita mikosi, tukamwambia baba, sisi tunaishi na ziwa, akaelewa.

Fundi apewe orodha kwenye flashi na kwenye karatasi yenye mhuri. Akimaliza kuchonga, kabla hamjamalizia hela, nendeni watu wawili, mmoja anasoma kaunta buku mwingine anafuata na kidole herufi kwa herufi, halafu mrudie kuanzia jina la mwisho kwenda la kwanza. Kinyumenyume jicho halidanganyiki. Tulikamata makosa matatu hivyo.

8. Jengeni

Hapa sikai sana, fundi wenu anajua. Msingi ushuke sentimita 60 na pakiwa mchanga mshuke zaidi. Zege moja kwa mbili kwa nne, yaani simenti ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Nondo msibanie. Watu wa pwani msitumie mchanga wa bahari, una chumvi utakula nondo. Zege na plasta vimwagiliwe siku 7, asubuhi na jioni, kabla ya kubandika graniti.

Urefu ndo muhimu: majina yaanzie sentimita 50 kutoka chini na yaishie mita 1.7. Watu wanashika majina. Utaona, hakuna anayekuja akaangalia tu, wote wanaweka mkono. Mtoto afikie, bibi afikie bila kuinama sana. Wekeni benchi ya zege na mti mmoja wa kivuli, na njia ambayo baiskeli ya mlemavu inapita.

9. Maneno ya juu

Sentensi moja au mbili. Ni nani, wapi, kuanzia lini. Msiweke lawama, msiweke chanzo cha ajali kama bado kuna ubishi, msiweke mstari wa kitabu cha dini moja peke yake. Msalaba na mwezi, ama viwekwe vyote ama visiwekwe. Picha za marehemu tuliacha, familia nyingi za Kiislamu hazikupenda na wengine hawakuwa na picha hata moja, ukuta ungekuwa na mashimo.

Lile jiwe la uzinduzi lenye jina la mgeni rasmi liwe dogo na likae ubavuni. Hapa kuweni wagumu, tulibishana na watu wazito lakini halikukaa mbele.

10. Siku ya kufungua

Kila familia isome jina la mtu wake yenyewe. Asiye na ndugu asomewe na aliyekuwa naye mtumbwini, na kama hayupo basi watoto wa shule wamsome. Majina 80 yanachukua kama robo saa ukiacha nafasi ya kupumua, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyaruka ili hotuba ziingie. Dua fupi, sala fupi, halafu majina, halafu uji na chai. Picha pigeni kwa ruhusa, mtu anayelia siyo wa kuwekwa kwenye status.

Mambo yakigoma

*Familia haitaki jina liandikwe.* Msilazimishe na msiwasimange. Wengine mwili haukupatikana na moyoni bado wanamsubiri, mama anaacha mlango bila komeo. Iacheni sahihi yake wazi kwenye daftari, ulizeni tena mwakani kwa upole. Kwetu familia mbili zilikuja zenyewe baada ya kuona ukuta.

*Familia mbili zinagombania jina,* mke anasema hivi, ukoo wa baba unasema vile. Waiteni wote na mzee wanayemheshimu wote. Ikishindikana andikeni jina alilojiita mwenyewe alipokuwa hai, wenzake wa kazi watawaambia.

*Watu wanasema fulani asiandikwe,* alikuwa mwizi wa nyavu, au alikuwa anavua kwa nyavu haramu, au alijiua. Rudini hatua ya 1, someni ule mpaka wenu mliouandika. Kama anaingia kwenye mpaka, anaandikwa. Msifungue mlango huo hata kwa mtu mmoja, hamtaweza kuufunga.

*Hela imeisha katikati.* Chongeni majina kwanza hata kabla ya ukuta, vipande vikae ofisini vimefungwa vizuri. Ukiwa na majina hela ya tofali itapatikana, watu wakiyaona wanachanga.

*Jina limekosewa na limeshabandikwa.* Msipake rangi juu wala msikwangue. Ombeni radhi familia ana kwa ana, chongeni kipande kipya.

*Rangi nyeupe imefifia, ukungu umeota.* Maji, sabuni ya kawaida na brashi laini. Asidi na stili waya marufuku. Sisi tumeweka siku moja kwa mwaka ya kuosha, vijana wanakuja na ndoo zao, na siku hiyo hiyo kaunta buku linatolewa kabatini na kusomwa tena, nakala nyingine iko kwa mtendaji wa kata.

*Kapatikana mtu wa zamani ambaye hamkumwandika.* Itatokea. Wekeni jina lake baada ya la mwisho, mwaka wake pembeni utajieleza wenyewe. Na waliofariki baada ya ukuta kuisha wanafuata hapo hapo, fundi anakuja na mashine ndogo ya mkono anachonga pale pale ukutani, haichukui nusu siku. Sisi mwezi wa tatu tumemwita, kipande cha saba, mstari wa tatu na wa nne.